Wimbo Wenye Mkwaruzo

Nchi yetu ina bahati ya pekee: kila jambo zuri lilikwisha kutokea. Yote yalitokea zamani, mtawala wetu Mlezi Mkuu alipokuwa kijana mwenye nywele, na sisi tuliokuja baadaye hatuna kazi nyingine ila kuyakumbuka. Nchi nyingine zinahangaika kujenga kesho, maskini, wala hazijui itafika lini. Sisi jana yetu tunayo, imehifadhiwa pakavu, na ina wizara yake.

Wizara ya Zilipendwa ndiyo kubwa kuliko zote. Wizara ya Afya imepewa chumba nyuma ya jengo hilo, jirani na vyoo, na waziri wake akija kazini huazima kiti. Hatulalamiki. Hospitali humkumbusha mtu mwili alionao leo, na mwili wa leo kwa wengi wetu si wa kujivunia. Wimbo wa zamani hukukumbusha mwili uliokuwa nao, au aliokuwa nao baba yako, au angalau uliotangazwa redioni kwamba watu walikuwa nao.

Nyimbo mpya zilipigwa marufuku kwa wema tu. Mlezi Mkuu alitueleza mwenyewe katika hotuba iliyoanza asubuhi, jioni ikatukuta tukiwa pale pale. "Ndugu wananchi," alisema, "wimbo mpya ni nini? Wimbo mpya ni malalamiko yaliyovalishwa gitaa! Mtu akiwa ameshiba, ameridhika, analala vizuri, atatunga nini? Atakosa la kutunga, ataimba yaliyokwisha kuimbwa. Kwa hiyo anayetunga ananitukana mimi, tena kwa sauti nzuri, jambo ambalo ni baya zaidi." Tulipiga makofi mpaka tukaruhusiwa kuacha.

Basi zikabaki bendi za kopi. Yangu inaitwa Jineri Kopi, nami ndiye mpiga besi. Tunapiga nyimbo za Jineri Jazz, bendi ya wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambulia pamba cha mji wetu, kile ambacho sasa ni ghala la majukwaa ya sherehe. Sheria inataka tupige kama santuri ilivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Kama kwenye santuri mtu alikohoa, tunakohoa. Kama mpiga saksafoni alichelewa kuingia, wetu anachelewa vile vile, na akiwahi anatozwa faini. Mkaguzi wa wizara hukaa mbele kabisa akiwa na santuri masikioni na sisi machoni. Mpiga drams wa bendi jirani alifungwa kwa kosa la kupiga vizuri kuliko marehemu.

Sina kinyongo. Nasema tu ilivyo.

*

Wimbo unaopendwa kupita zote ni "Zaituni wa Mizani". Kijana anampelekea moyo wake Zaituni, msichana anayepima pamba pale kiwandani. *Moyo nimeuleta mzima, Zaituni, mbona mizani yako inasema nusu?* Ndicho kibwagizo. Mlezi Mkuu anaupenda kwa sababu aliucheza na mke wake wa kwanza, siku hizo akiwa Meneja wa kiwanda. Wakulima wa pamba nao waliupenda mno, kwa sababu zao wenyewe ambazo mimi sizijui.

Katikati ya wimbo, magitaa yanapochemka, mwimbaji anataja majina ya watu waliokuwamo ukumbini, kama bendi za dansi zilivyozoea. Anamtaja mwalimu Sezibera, anamtaja nesi Chausiku, anamtaja Pazi wa stesheni. Halafu, pale jina la mwisho linapotaka kutoka, inakuja *krrr! krrr!* Santuri ya redio ya taifa ina mkwaruzo. Ni mkwaruzo mpana, ulionyooka, wa msumari, na unaonyesha wazi kwamba umri ndio uliousababisha. Santuri nyingine zote zilikusanywa nyumba kwa nyumba ili zikasafishwe, na bado zinasafishwa.

Kwa kuwa sheria ni sheria, sisi tulipiga mpaka mkwaruzo. Mpiga tumba wetu alikuwa na kopo la maziwa na kipande cha msasa. Ikifika zamu yake alisogea kwenye maikrofoni akasugua *krrr! krrr!* kwa ustadi ambao ulimpatia nishani. Watoto wa shule walifundishwa kuuimba wimbo na mkwaruzo wake. Kwenye harusi, bibi arusi alipangiwa kuingia ukumbini hapo hapo kwenye *krrr*, na mashangazi wakapiga vigelegele.

Kila mtu mwenye mvi alijua kilichokuwa chini ya mkwaruzo ule. Kulikuwa na jina la Kazimili Lutonja, aliyeutunga wimbo na kupiga gitaa la solo. Mchana alikuwa kuli pale pale kiwandani, na siku moja, mbele ya wakulima waliojaa uwanjani na magunia yao, alimwomba Meneja apande mwenyewe juu ya mizani. Meneja alikuwa mnene hata wakati huo. Akapanda, kwa sababu watu walikuwa wengi. Mizani ikasema ana uzito wa mtoto wa darasa la kwanza.

Watu walicheka mpaka wengine wakalalia magunia. Jioni hiyo hiyo, kabla dansi halijaanza, lilikuja gari ukumbini. Kazimili akaambiwa anahitajika kwenye kikao kifupi. Aliliacha gitaa kitini, limewashwa, likinguruma taratibu. Kikao hicho hakijamalizika hadi leo.

Tangu hapo jina lake likawa marufuku. Lakini marufuku hiyo haikuandikwa popote, maana kuiandika kungemlazimu karani kulitaja. Haikutangazwa, maana mtangazaji angelitaja. Wakubwa waliambiana kwa kukaziana macho. Waliofuata hawakukaziwa na mtu. Ndivyo tulivyopata sheria kali kuliko zote nchini ambayo nusu ya serikali haikuwa na habari nayo.

*

Sasa nimtaje Mama Sabina, mke wa Kazimili. Anakaanga mihogo mkabala na ukumbi wetu.

Katika mji wetu matanga yana utaratibu wake. Hayaanzi mpaka mtu asiye wa nyumba ile alitaje jina la marehemu mbele ya watu, na watu waitikie, "Tumesikia." Hapo kila aliyesikia anavua viatu na kukaa chini, juu ya ardhi yenyewe. Hainuki mtu mpaka mwanamke mwenye msiba ainuke, na yeye hainuki mpaka aonyeshwe kaburi. Bila hivyo, kwetu sisi, mtu hajafa. Amepotea tu, na mke wake hajafiwa, amesahauliwa jikoni.

Kila alipokuja mkuu mpya wa wilaya, Mama Sabina alivaa kanga yake nzuri akaenda kuomba ruhusa ya kuweka matanga. Kila mkuu alimuuliza, "Ya nani?" Alipojibu, aliambiwa kwa upole kwamba mtu huyo hakuwahi kuwapo, na asiyekuwapo hawezi kufa, na asiyekufa akiwekewa matanga huo ni uchochezi. Na kwa kuwa mume hakuwapo, ndoa nayo haikuwapo. Mama huyu, mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu, serikali inamwita binti. "Karibu, binti," humwambia vijana wa ofisini, wakimwonyesha benchi.

Kila tulipopiga "Zaituni", alivuka barabara akasimama kando ya spika yangu, mikono ikinuka mafuta ya mihogo. Mpiga tumba aliposugua *krrr! krrr!* nilimwona akichezesha midomo. Alikuwa akilijaza jina, peke yake, chini ya kelele ya kopo la maziwa. Nilikasirika. Nalisema hili waziwazi, kwani hasira bado haijaundiwa idara. Nilikasirika kila Jumamosi, nikaendelea kupiga besi, kwa sababu besi ya santuri haikukasirika.

*

Ndipo alipoteuliwa Kamishna mpya wa Ulinganifu, Daktari Ludoviko Mpangala, kijana msafi aliyesomea ng'ambo mambo ya sauti. Alikuwa mwaminifu kupita kiasi, ugonjwa ambao katika serikali yetu hauna chanjo. Alipotusikia kwa mara ya kwanza alitabasamu wimbo mzima, lakini tulipofika kwenye *krrr* akashika kifua.

"Nani alimjeruhi Zaituni?" aliuliza.

Mpiga tumba alificha msasa wake mfukoni.

"Jana yetu ina kovu," alisema Kamishna, machozi yakimlengalenga, "na sisi tumekaa tunalikopi kovu! Nitaitafuta santuri safi hata kama iko mwezini."

Haikuwa mwezini. Ilikuwa Ulaya, kwenye kabati la padri mstaafu aliyewahi kufundisha mjini kwetu na kuondoka na masanduku yake kabla ya usafishaji. Kamishna aliifuata mwenyewe. Ilirudi kwenye ndege ikiwa imefungwa mkanda kwenye kiti cha dirishani, na kutoka uwanja wa ndege ilibebwa na gari la wagonjwa, lile moja tu tulilo nalo, king'ora kikilia. Mgonjwa aliyekuwamo aliombwa ashuke kidogo.

Kamati ya Ulinganifu iliitishwa kuipitisha, na sisi wanabendi tukaitwa tusikilize ili tujifunze. Kamati hiyo ni ya wazee wa heshima. Mwenyekiti wake ni Balozi Hamaro, ambaye enzi za pamba alikuwa dereva wa Meneja, kisha akapandishwa, akapandishwa tena, mpaka akawa balozi katika nchi ambayo hatuna uhusiano nayo.

Sindano ikawekwa. Ilikuwa safi ajabu, utadhani wamo chumbani. Mwalimu Sezibera akatajwa, nesi Chausiku akatajwa, Pazi wa stesheni akatajwa. Halafu sauti ya marehemu mwimbaji ikapanda juu ya magitaa yote:

*"Na wewe Kazimili Lutonja, mume wa Sabina, mizani inakuita!"*

Mzee mmoja aliangusha miwani. Mwingine alianza kuhesabu mapazia. Balozi Hamaro aliinua glasi ya maji, akaikuta tupu, akainywa.

"Mmesikia?" Kamishna aliruka kwa furaha. "Ni safi! Hata mkwaruzo mdogo hakuna! Waheshimiwa, huyu Kazimili Lutonja ni nani?"

Wazee wakainamia makaratasi yao.

"Mheshimiwa Balozi, wewe ulikuwa mjini pale. Unamfahamu?"

"Simfahamu," alisema Balozi. "Sijapata kumsikia. Wala sasa hivi sijamsikia."

"Na wewe, Mheshimiwa?"

"Mimi nilikuwa mgonjwa."

"Lini?"

"Miaka yote hiyo."

Kamishna aliwauliza mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakaapa. Nami nilikuwa nimebanwa ukutani na besi yangu, nikiwatazama wazee ambao walicheza nyimbo za mtu huyo, walikula pilau ya harusi yake, wakimkana huku sauti iliyomtaja bado inazunguka mezani. Nilitamani kuipasua besi kichwani kwa mtu, ila nilishindwa kuchagua kichwa.

"Basi vizuri sana," alisema Kamishna. "Ikiwa wazee wote wa nchi hawamjui, ni mtu asiye na doa. Kuna pingamizi?"

Kupinga kulihitaji sababu, na sababu ilihitaji jina. Balozi aliomba dirisha lifunguliwe. Santuri safi ikapitishwa kwa kauli moja. Iliamriwa kwamba wimbo upigwe hivyo, neno kwa neno, kwenye uwanja wa taifa Siku ya Jana, sikukuu yetu kubwa kuliko zote, mbele ya Mlezi Mkuu, na urushwe redioni nchi nzima. Atakayeacha jina lolote atashtakiwa kwa kupunguza urithi.

*

Kesho yake Balozi Hamaro alikuja kwenye mazoezi yetu. Alimwita pembeni Mwinjuma, mwimbaji wetu. Mwinjuma ni mtu mpole, mwenye watoto wengi na koo moja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Koo lako hilo linanitia wasiwasi. Vumbi la uwanjani ni baya. Mtu anaweza kukohoa ghafla, hata mahali pa hatari, na watu wakamsamehe."

"Mzee, kwenye santuri mpya hakuna kikohozi."

"Najua hakuna."

"Sheria inakataza kukohoa pasipo na kikohozi. Labda uniambie, Mzee, ni kwa nini nikohoe. Nitamwambia Kamishna, naye atanipa kibali."

Balozi alimsogelea. Nilidhani atampiga. "Wewe kijana," alisema mwishowe, "imba unavyotaka, ufe unavyotaka," akapanda gari lake na kuondoka. Mwinjuma alikaa juu ya spika. Alikuwa amelowa jasho mgongo mzima. Akiliimba jina, sheria isiyoandikwa itamla. Asipoliimba, iliyoandikwa itamfunga. Tulimwambia aombe ruhusa ya ugonjwa. Wizara ya Afya ikajibu kwamba siku hiyo hakuna ugonjwa, gari la wagonjwa litakuwa kwenye gwaride.

Alasiri hiyo Mama Sabina alivuka barabara akiwa na mihogo kwenye sahani, imefunikwa.

"Mwinjuma mwanangu, nasikia wameipata santuri safi."

"Ndiyo, mama."

"Na jina limo."

"Limo, mama." Mwinjuma hakuweza kumtazama. "Mama, mimi nina watoto."

"Najua. Na yeye alikuwa nao." Aliiweka sahani chini. "Sikuja kukuomba. Ukiogopa, ogopa, mimi nimeogopa maisha yangu yote na sikucheki. Nimekuja kukuelekeza tu namna linavyotamkwa. Usilivute mwishoni. Watu walikuwa wanalivuta, Lutonjaaa, kwa ajili ya kunogesha. Alikuwa hapendi."

Akarudi kwenye karai lake. Hakuna aliyeigusa mihogo mpaka ikapoa.

*

Siku ya Jana uwanja ulifurika. Watu walikuwa wamesombwa kwa malori tangu alfajiri na kusimamishwa kwenye nyasi kwa mistari, maana viti viko jukwaa kuu peke yake. Mlezi Mkuu alipanda jukwaani, akashangiliwa na mitambo ya makofi. Akahutubia akiwa amesimama mbele ya kiti chake kikubwa cha pembe za ndovu.

"Wanangu! Mnaambiwa huko nje kwamba mna njaa. Je, jana mlikuwa na njaa?" Tukajibu kama tulivyofundishwa: hapana. "Je, jana mlikuwa wagonjwa?" Hapana. "Basi ikiwa jana mlikuwa wazima, na leo ni jana iliyoongezwa siku moja, njaa hiyo imepitia wapi?" Makofi. "Sasa nataka Zaituni. Nimemkumbuka Zaituni. Leo, naambiwa, amepona!"

Tukaanza. Mpiga tumba alikuwa bila kopo, analia kwa kukosa mkwaruzo wake. Kibwagizo kilipofika, uwanja mzima ukaimba *mbona mizani yako inasema nusu*, na Mlezi Mkuu akatikisa mabega kama siku zile. Balozi Hamaro alikuwa safu ya pili, ameinamisha kichwa. Kamishna alisimama chini yetu, amefumba macho, anasikiliza kwa mwili mzima.

Magitaa yakachemka. Mwalimu Sezibera. Nesi Chausiku. Pazi wa stesheni. Nilimwona Mwinjuma akisogelea maikrofoni. Nilimwona Mama Sabina kwenye mstari wa mbele, katika kanga ile ile nzuri, midomo ikianza kuchezacheza kwa mazoea, tayari kulijaza jina chini ya mkwaruzo ambao haukuwapo tena.

"Na wewe Kazimili Lutonja, mume wa Sabina, mizani inakuita!"

Hakulivuta.

Mama Sabina alitoa mlio. Sijui niuiteje, sijapata kuusikia popote, ila niliuhisi kwenye nyuzi za besi. Kisha mzee fulani nyuma kabisa, mkulima, akasema kwa sauti kavu, "Tumesikia." Mwingine akasema. Halafu ukasema uwanja mzima, waliomjua na waliozaliwa nyuma yake, wakasema kwa pamoja kitu ambacho hawakufundishwa na mtu wa wizara.

"Tumesikia!"

Mama Sabina akavua ndala zake, akazipanga vizuri, akakaa chini. Na nyuma yake wakaanza kukaa, mstari kwa mstari, viatu mkononi, mpaka uwanja wote ukawa vichwa tu. Mwinjuma alikaa. Mimi nilikaa na besi yangu mapajani. Askari waliotakiwa kutuinua walitazamana. Mmoja mtu mzima, mwenye kamba begani, akainama akaanza kufungua buti. Redio ilikuwa hewani. Tuliambiwa baadaye kwamba masokoni, stesheni, kwenye foleni za maji, kila mahali jina lilipofika, watu waliitikia wakakaa.

"Simameni!" alipiga kelele mshereheshaji. "Wimbo wa taifa! Bendi, wimbo wa taifa!" Bendi ilikuwa msibani.

Kamishna Mpangala alikuwa bado amesimama, karatasi zake mkononi. "Lakini umepigwa sawasawa," alisema. "Haukupunguzwa kitu. Mheshimiwa Balozi, niambie basi, huyu Kazimili ni nani?"

Balozi Hamaro alishuka jukwaani polepole. Magoti yake ni mabovu, alishika mguu wa meza, kisha bega la askari, mpaka akafika chini na kukaa. Alivua viatu vyake vya kibalozi.

"Niliendesha mimi," alisema. Hakumwangalia Kamishna, alimwangalia Mama Sabina. "Alikaa kiti cha nyuma. Aliniuliza kama tutachelewa kurudi, kwa sababu ameliacha gitaa linawaka. Nikamwambia hapana, hatutachelewa."

Kamishna alizitazama karatasi zake moja baada ya nyingine, kisha akaziweka kwenye nyasi na kukaa juu yake, na suti yake nyeupe.

*

Serikali ilifanya kila ilichoweza. Gazeti la taifa liliandika kwamba wananchi wameketi kwa furaha. Ilitoka amri kwamba ni marufuku kukaa chini, lakini askari wa kuitekeleza walikuwa chini. Alitumwa waziri mmoja, kisha mwingine, kumbembeleza Mama Sabina ainuke, maana ilijulikana sasa kwamba yeye asipoinuka hainuki mtu.

"Binti," alianza waziri wa kwanza.

"Mimi ni mjane," alisema Mama Sabina. "Uliza tena vizuri."

"Mama," alisema waziri, "msiba huu haupo. Mtu huyo hakufa. Serikali inathibitisha rasmi kwamba hakufa."

"Hakufa?"

"Hakufa kabisa."

"Basi mleteni," alisema. "Gitaa lake ninalo. Nimelifuta vumbi. Mleteni aje achukue, nitainuka sasa hivi, nitawakaangia na mihogo. Na kama hamwezi kumleta, nionyesheni mlipomweka. Tena asije waziri. Aje yule aliyepanda mizani."

Waziri akarudi jukwaani kutoa taarifa. Mpaka ninapoandika haya hatujapata jibu. Tumekaa. Mvua imetunyeshea na tumekauka tukiwa pale pale. Kuna mtu huko nyuma ameanza kutunga wimbo, mpya kabisa, ninausikia ukija mstari kwa mstari, na nimekwisha kuupatia besi.

Mlezi Mkuu yuko bado jukwaani, maana dereva wake amekaa chini nasi na njia zote zimejaa waliokaa. Amesimama. Walinzi wake wanatwambia kwa minong'ono kwamba miguu imevimba mpaka viatu vimekataa kutoka, na kwamba usiku hulia. Kile kiti kikubwa kipo nyuma yake, hatua moja tu, kina mto. Lakini hawezi kukikalia, wala hawezi kuchuchumaa, wala kuegemea goti. Nchi nzima inamtazama, na siku atakayokaa, naye atakuwa amekaa matanga ya Kazimili Lutonja.